Lenye Baridi Langu, Lenye Moto Lako

Kuku wa Mzee Randa waliacha kutaga miezi michache baada ya mwenyewe kuzikwa, na mjane wake hakuona haja ya kumuuliza mtu sababu. Kuku walikuwa wanaomboleza. Alijionea kwa macho yake. Kila asubuhi, jua likishapanda juu ya paa, mmoja wao, Bawaba, alitoka bandani, akavuka ua akinyanyua miguu kama anayekwepa tope, akapotea nyuma ya pipa la maji ya mvua, ubavuni mwa karakana iliyofungwa. Baada ya muda sauti yake ilisikika huko huko, ya kukwaruza, inapanda na kushuka. Mama Randa alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, sinia la mchele mapajani. Aliacha kuchambua, akainamisha kichwa.

"Lia tu, mwanangu," alimwambia. "Hata mimi sijamaliza."

Majina ya kuku alikuwa ameyatoa marehemu. Alikuwa seremala, na kila kitu duniani alikiona kwa jicho la mbao. Kabati alikuwa mpana wa kifua. Stuli alikuwa na miguu mifupi. Droo, kila ukimtafuta, yumo ndani. Bawaba alilia kama mlango usiotiwa mafuta. Zamani alikuwepo mmoja aliyeitwa Kitanda, kwa kuwa alipenda kuatamia mpaka akaatamia mawe, na ukimtoa anarudi. Watu walimtania mzee, mbona mke wako hujampa jina la karakana? Akawajibu, "Yule ni nguzo. Nguzo mnataka itage?"

Hawa wa sasa ndio wa mwisho aliowalea kwa mkono wake. Walipokuwa vifaranga, siku za baridi, aliwatia kwenye mfuko wa aproni yake ya kazi pamoja na maranda mepesi yaliyotoka kwenye randa, akaendelea kupiga msasa huku mfuko unalia chwi chwi. Wateja walidhani fundi amechanganyikiwa. Naye aliwaambia, "Nyamazeni, nina wanafunzi."

Tena kulikuwa na mambo ya asubuhi. Mama Randa hakumsimulia mtu mambo hayo, kwa sababu ukiyasimulia yanakuwa madogo. Walipooana, kuku wao wa kwanza walitaga ovyo: chini ya jiko, kwenye mfuko wa misumari, mara moja ndani ya kiatu. Basi bwana harusi akachukua vipande vya mti mweupe, akavikereza vikawa mayai, akavisugua mpaka vikawa vinateleza mkononi, akaviweka kwenye viota bandani.

"Kuku ni kama mteja," alimwambia mke wake. "Hapendi kuwa wa kwanza kuingia dukani. Akiona kuna mwenzake katangulia, na yeye anaingia."

"Na rangi hupaki?"

"Thubutu! Wala vanishi. Kuku akisikia harufu ya dukani anajua anatapeliwa."

Kesho yake bibi harusi aliamka, akasali, akaenda bandani kungali giza giza, akaokota yai, akarudi jikoni na kuligonga ukingoni mwa kikaango. Ko! Akaligonga tena. Ko! Mara ya tatu akaligonga kwa hasira, kikaango kikaruka, na mume wake aliyekuwa mlangoni akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na shati lake safi. Tangu siku hiyo walikwenda bandani pamoja. Yeye anapitisha mkono ndani ya kiota bila kuangalia, mume ameshika kikapu, na mume anasema maneno yale yale, yawe mazuri, yawe ya kuchosha, hata siku walizokuwa wamenuniana: "Lenye baridi langu, lenye moto lako."

Alipozikwa, Mama Randa alifanya anachofanya mtu ambaye mikono haijui pa kwenda. Alisafisha. Aliosha banda lote kwa maji ya moto na majivu, na alipofika kwenye viota akaona yale mayai ya mti yamepakwa kinyesi. Moyo ulimuuma. Kazi ya mikono ya mume wake, iliwe na uchafu? Akayatoa, akayaosha, akachukua kopo la vanishi lililobaki, akayapaka mara mbili mpaka yakang'aa kama peremende. Akayafunga kwenye leso ya marehemu, akayatia ndani ya bati la biskuti, akaliweka karibu na kitanda, juu yake kitabu cha sala. Siku hiyo hiyo alifunga karakana kwa kufuli, ufunguo akautundika kwenye msumari sebuleni, na tangu hapo alipoutazama alitazama pembeni kidogo.

Basi mayai yakapungua, kisha yakakata kabisa.

Siku moja katikati ya wiki wifi yake akaja. Huyu alikuwa mdogo wa Mzee Randa, tumbo moja, muuza mitumba sokoni, na kaka yake alikuwa amempa jina la Honi tangu utotoni kwa sababu ya sauti. Alikuja kupanga mambo ya Jumapili. Binti wa Mama Randa, kitinda mimba wake, msusi, alikuwa amepata mchumba, na wazazi wa kijana walikuwa wanakuja kula chakula cha mchana na kufahamiana.

"Nimepita bandani," alisema Honi, akivuta kiti. "Wale kuku wako wanakula nini siku hizi?"

"Pumba, mashudu, majani. Maganda ya mayai nilikuwa nawasagia, sasa mayai yenyewe hayapo."

"Kwa hiyo wanakula, wanakunywa, wanalala, kazi hawafanyi. Wifi, hata mume wangu sikumlea hivyo."

"Wana msiba, wifi."

"Wana nini?"

"Wanamlilia kaka yako."

Honi aliweka kikombe chini. "Wewe mwanamke. Mimi dada yake nililia mpaka macho yakavimba, kisha nikarudi sokoni kwa sababu nguo hazijiuzi. Leo kuku ana uchungu kunizidi mimi?"

Binti, aliyekuwa anafumua nywele za mtu barazani, alicheka mpaka kitana kikamtoka mkononi.

"Na wewe usicheke," Honi akamgeukia. "Wakwe zako watakula nini Jumapili? Kilio cha kuku?"

Hapo ndipo shauri lilipotoka. Kuku wanne wapo, wamenona, hawatagi. Kuku wa kununua kwa sasa si rahisi. Jumamosi mchana Honi atakuja na kisu, jambo litaisha. Aliyasema haya kwa urahisi wa mtu anayekunja nguo. Binti alisita, akamtazama mama yake.

"Mama, mimi sitaki uumie. Lakini shangazi hajakosea. Tunawafuga wa nini? Mapambo?"

Mama Randa alitazama uani. Kabati alikuwa anajikung'uta vumbi. Stuli alikuwa anakimbizana na panzi kwa miguu yake ile mifupi. Akafikiri: wakienda hawa, hakuna tena kiumbe hapa nyumbani kilichokaa mfukoni mwake.

"Nipeni mpaka Jumamosi," alisema.

"Ukipata nini?" Honi akauliza.

"Nikipata yai."

"Moja tu?"

"Moja linatosha kuonyesha wapo kazini."

"Haya," alisema Honi. "Moja. Tena la kwao, siyo la dukani. Nakujua."

Kuanzia hapo Mama Randa aliweka kilio pembeni akaanza kuchunguza. Alikwenda kwa muuza vyakula vya mifugo, kijana mpole mwenye vumbi la pumba kwenye nyusi, akamweleza. Kijana alimuuliza kama wanapata maji safi, kwa kuwa kuku akikosa maji nusu siku tu anaweza kukata mayai. Alimuuliza kama wana utitiri, kama wamezeeka, kama wametishwa na mbwa au nyoka, kama wananyonyoka manyoya.

"Anayenyonyoka hatagi, mama. Nguvu zote zinakwenda kwenye manyoya mapya. Huyo mvumilie tu."

Alirudi akatazama. Kabati kweli alikuwa ananyonyoka. Manyoya yake yalitapakaa banda zima, shingo imebaki wazi, amekaa kama mto wa zamani uliochanika. Huyo basi ana udhuru. Wengine hawakuwa hivyo. Akapitisha kitambaa cheupe chini ya fito wanazolalia: kilitoka na vumbi, hakikutoka na wadudu. Maji alibadilisha asubuhi na jioni. Akawaongezea mashudu. Akaweka majani makavu mapya kwenye viota, akayatandika vizuri kama kitanda cha mgeni. Kuku walikuja, wakachungulia, wakatoka.

Alhamisi viota vilikuwa vitupu. Ijumaa vilikuwa vitupu. Katika sala ya jioni alimwomba Mungu yai. Kisha akaona haya, kwamba watu wanaomba uzima na watoto na mvua, na yeye anaomba yai. Akaomba radhi. Halafu akaliomba tena.

Jumamosi Honi alikuja mapema, kisu kimefungwa kwenye gazeti. Hakuuliza kitu. Alitazama uso wa wifi yake akajua.

"Nisamehe, wifi," alisema, safari hii kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa ngeni. "Nitafanya haraka. Wewe ingia ndani."

"Siingii. Niliwaona wakija, nitawaona wakienda."

Honi alimkamata Stuli, akamgeuza, akampapasa tumboni kupima unono. Mkono wake ukashuka mpaka chini ya mkia, ukasimama hapo. Akapapasa tena. Akakunja uso.

"Wifi, njoo. Weka vidole hapa."

"Niweke wapi?"

"Hapa, kwenye hii mifupa miwili midogo. Mama yetu alitufundisha mimi na kaka. Kuku asiyetaga, mifupa imebanana, hata kidole hakipiti. Huyu vidole vinaingia na nafasi inabaki. Tena pana unyevu. Na tazama kilemba chake kilivyo chekundu." Alimwinua Stuli wakatazamana macho kwa macho. "Wifi, huyu anataga."

"Hatagi."

"Anataga nakwambia!"

Wakamkamata Droo, akawa vile vile. Kabati mifupa ilikuwa imefunga, sawasawa na alivyosema kijana wa dukani. Honi akamgeukia mpwa wake kwa jicho kali.

"Wewe huwa unakunywa mayai mabichi?"

"Shangazi jamani!"

"Nauliza tu. Wasusi mna mambo."

Kabla binti hajajibu, sauti ya Bawaba ikapaa kutoka nyuma ya pipa, ya kukwaruza, inapanda na kushuka. Mama Randa akaweka mkono kifuani.

"Mnamsikia? Ndivyo anavyomlilia kila siku, pale pale ukutani kwake."

Honi alisikiliza, kichwa amekiinamisha upande. Kisha akaanza kutikisika mabega.

"Wifi yangu. Hiyo unaiita kilio?"

"Ni nini?"

"Kuku anatetea! Katoka kutaga sasa hivi, anautangazia mtaa mzima!"

Mama Randa aliijua sauti ile. Ndoa yake yote alikuwa ameisikia. Ingetoka bandani, angeiita kwa jina lake akaenda na kikapu. Ilitoka kwenye ukuta wa karakana, basi akaiita kilio, akakaa kwenye kigoda akalia nayo.

Walisogeza pipa. Nyuma yake mchwa walikuwa wamekula ubao wa chini, pamebaki uwazi wa kupita kuku. Bawaba alikuwa anatokea hapo hapo, kifua mbele, na kipande cha maranda kimenata kwenye mguu.

"Lete ufunguo," alisema Honi.

Binti aliuleta. Mama Randa aliupokea, kisha akampa wifi yake. "Fungua wewe."

"Mlango ni wako, mke wa kaka yangu."

Kufuli lilikuwa gumu, likakubali. Mlango ulipofunguka, harufu ilikuja kwanza: mbao, gundi, jasho la zamani, na nyuma yake harufu nyingine mbaya ya kitu kilichooza. Aproni ilikuwa kwenye msumari wake. Kipande cha penseli kilikuwa dirishani, kimetafunwa mwishoni. Randa ililala ubavu juu ya meza ya kazi, kwa sababu mwenyewe hakukubali kamwe ilale juu ya makali yake. Pembeni palikuwa na kabati dogo ambalo droo zake hazijatiwa vishikio.

Na chini ya meza, ndani ya rundo la maranda ambalo marehemu hakuwahi kupata siku ya kulifagia, kulikuwa na mayai. Yalikuwa mengi. Mengine meupe na masafi, mengine yamepauka, mengine yamepasuka na kunuka. Honi alipiga kigelegele kilichosikika barabara ya pili.

"Na hivi navyo?" Binti alikuwa amechuchumaa. Katikati ya mayai alichomoa kitu cha mviringo, cheupe, laini. Kilikuwa kishikio cha droo. Akapata kingine, na kingine. Boksi la karatasi lililowekwa chini ya meza lilikuwa limeliwa na mchwa, na vishikio alivyokereza marehemu vilikuwa vimemwagika kwenye maranda.

Mama Randa alikipokea kimoja, akakizungusha kiganjani. Akakaa kwenye stuli ya mume wake, ambayo hakuwa ameikalia hata siku moja.

"Wameona kuna mwenzao katangulia," alisema.

"Nani?" Honi hakuelewa.

Ndipo akawaeleza juu ya mayai ya mti, jinsi alivyoyatoa kwenye viota akayafungia ndani. Hakueleza ya kikaango. "Kuku walifika kiotani wakakuta patupu," alimaliza. "Wakatoka wakaenda kutafuta kazi ya mkono wake mahali pengine. Mimi ndiye niliyewafukuza, halafu nikakaa nawapa pole."

Honi alichukua kisu chake, akakifunga tena kwenye gazeti.

Bati la biskuti lilipoletwa, Honi alifungua leso, akanusa yai moja, akalirudisha mbali na pua yake. "Mh! Ukiwawekea hivi watahama nchi."

"Najua," alisema Mama Randa. "Alishaniambia."

Alivuta droo ya meza ya kazi, akatoa kipande cha msasa, akakikata kama alivyokuwa anaona kinakatwa. Wakakaa wifi wawili mlangoni pa karakana kwenye mwanga, wanasugua. Binti alikuwa anatumbukiza mayai ya kuku kwenye ndoo ya maji: yanayoelea yakatupwa, yaliyozama yakaingia kikapuni. Vanishi ilitoka ikawa unga wa rangi ya asali, ikawaingia kwenye kucha. Chini yake mti ulijitokeza tena, mweupe wenye umanjano wa miaka, na michubuko midogo ya midomo ya kuku wengi, pengine hata Kitanda. Kwenye yai moja, upande mnene, kulikuwa na kibonyeo.

"Hili lina kovu," alisema Honi. "Ngoja nilisugue lipotee."

"Hapo usisugue."

"Ni kidogo tu, wifi."

"Hapo usisugue, nakwambia." Akalichukua, akalimalizia mwenyewe, akakizunguka kile kibonyeo polepole kwa ncha ya kidole. Honi alimtazama, akaona anatabasamu peke yake, akaamua kutokuuliza.

Jioni hiyo binti aliziba uwazi wa ukutani kwa ubao na misumari ya baba yake, akajigonga kidole mara moja tu. Bandani walijaza viota maranda. Mama Randa aliweka mayai ya mti moja moja, kila kiota na lake. Mlango wa karakana aliuacha wazi mpaka giza lilipoingia, upitishe hewa.

Jumapili wakwe walikula nyama ya buchani na viazi, na mayai ya kuchemsha yaliyopona kwenye ndoo. Baba wa kijana aliyasifu. Akauliza ni kuku wangapi. Honi akamjibu kwamba ni wanne, lakini mmoja yuko likizo. Walipoondoka alisimama mbele ya Kabati, mikono kiunoni.

"Wewe nimekuacha kwa sababu huna nguo. Siwezi kumchinja mtu yuko uchi."

Jumatatu viota vilikuwa na mayai ya baridi tu. Jumanne pia. Mama Randa hakuwa na haraka. Aliwasikia kuku wakiparua kwenye ubao mpya nyuma ya pipa, wakiulizana kulikoni, akawaacha waulizane.

Kisha ikaja asubuhi nyingine. Aliamka, akasali, safari hii hakuomba chochote. Akachukua kikapu akakishika mwenyewe. Droo alikuwa ndani kama kawaida, akampisha kwa manung'uniko. Mama Randa alipitisha mkono kiotani bila kuangalia. Vidole viligusa baridi, vikapapasa kile kibonyeo. Vikasogea kidogo kwenye maranda.

Alisimama hapo, mkono ungali ndani, mpaka Droo akarudi kutazama kuna nini.

"Lako hili naliacha," alisema.

Akachukua la kwake, akalibeba kwa mikono miwili mpaka jikoni, akabandika kikaango. Kabla ya kulipasua aligonga ukingoni taratibu, kama mtu anayetaka kuhakikisha, akasikiliza.

Likapasuka.